Pumzi ya Shaib

Watu wa Tanga waliijua sauti ya Hafsa Abdulghani kabla ya kuijua sura yake, na wengi waliiogopa. Kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa tanzia katika redio moja ya hapo mjini. Kila mchana, baada ya taarifa ya habari, alisoma majina ya waliofariki, ndugu waliokuwa mbali, nyumba yenye msiba na saa ya maziko. Alisoma taratibu, bila kupandisha wala kushusha, kama alivyofundishwa. Ikawa akienda sokoni Ngamiani, akiuliza tu bei ya nyanya, muuzaji anainua kichwa na kumtazama kama mtu anayengoja kutajiwa jina. Mama mmoja alipata kuuangusha ungo wake wa dagaa. Hafsa akajizoeza kununua vitu kwa kuonyesha kidole.

Redio ilipopunguza wafanyakazi, tanzia zilikuwa zimeshahamia kwenye makundi ya WhatsApp, na hakuna aliyeuliza msomaji kaenda wapi. Hafsa alirudi Chumbageni kwa mama yake, Bi Mboni. Alikuwa ameachika, hana mtoto, na kazi aliyoijua ilikuwa kusema. Akamsaidia mama yake kudarizi mashuka ya maharusi, lakini majina yalikuwa hayamwachi. Yuko uani anafua, linamjia jina la mtu asiyemjua, na la babaye na la babuye, kama alivyolisoma mwaka ule, na linakaa naye mpaka nguo zimeanikwa. Kilichomkera ni kwamba hakuwahi kusema neno lolote zaidi ya jina. Huyu labda alikuwa anapenda kuimba akioga. Huyu labda alikuwa mchoyo wa sukari. Yeye alitaja saa ya maziko, akafungua ukurasa mwingine.

Basi akaanzisha podikasti, akaiita *Aliyekuwepo*. Kila kipindi mtu mmoja angekuja kumsimulia marehemu wake. Studio ilikuwa chumba chake cha kulala: alifungua milango ya kabati la nguo, akatundika mablanketi na kanga nzito pembeni ili sauti isigonge ukuta, akaweka maikrofoni kwenye kigoda, mgeni akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliyemhariria alikuwa binamu yake, Sabiri, mpiga picha za harusi aliyekuwa na laptopu nzuri na masikio mazuri zaidi.

Vipindi vya kwanza havikusikilizwa na mtu. Hata waliohojiwa hawakuvimaliza.

"Unawauliza kama karani wa mahakama," Sabiri alimwambia. "Alizaliwa lini, aliumwa nini. Halafu mtu akinyamaza unamjazia. Mwache anyamaze. Watu wanalia pale penye kimya."

Hafsa hakupenda kuambiwa, lakini alisikiliza tena alichorekodi, na akagundua jambo jingine mwenyewe. Kila mgeni alipofika penye uchungu, yeye alikuwa akisema, "Pole sana." Na mgeni, kwa adabu aliyolelewa nayo, alijibu, "Nimeshapoa," na kweli alikuwa ameshapoa, hadithi ikaishia hapo. Akaacha kusema pole. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizopata kufanya kwa mdomo, kumtazama mtu anatetemeka na kuimeza ile pole. Akaanza kuuliza vitu vidogo: alikuwa akibishaje hodi, alikuwa akilala ubavu gani, nani alikuwa akimfungia vifungo. Mwanamume mmoja aliulizwa mkewe alikuwa akiweka wapi miwani yake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mpaka leo sikalii kile kiti." Kipindi hicho kilisikilizwa Lushoto, Mombasa, hata Maskati.

Bi Mboni hakusikiliza hata kimoja. Wageni walipokuja aliwapikia chai, akawafungulia mlango, akaenda kukaa uani. "Vilio vya watu nimevisikia vya kutosha," alisema. "Tena vile havikuwa na watu wa kuvisikiliza Maskati."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Bi Tabia alipokuja.

Bi Tabia alikuwa mwanamke wa Pemba aliyekuja Tanga na mume, mume akafa, yeye akabaki. Alikaa Nguvumali, akiuza viungo barazani kwake: iliki, mdalasini, pilipili manga, na karafuu alizoletewa kutoka kwao. Mwanawe wa pekee, Shaib, ndiye aliyekuwa akizifuata iliki huko Amani, milimani. Alikwenda asubuhi na kurudi jioni. Siku moja ya masika, pikipiki aliyoipanda kurudi iliteleza ikaingia korongoni. Dereva alivunjika mguu, Shaib alikufa papo hapo. Bi Tabia aliyasimulia haya yote akiwa amekaa wima ukingoni mwa kitanda, buibui limekunjwa vizuri magotini, kama anayesimulia mambo ya jirani. Hafsa aliuliza vile vitu vidogo, naye akajibu kila kimoja. Sauti yake haikupasuka hata mara moja.

Mwisho akatoa simu mkobani.

"Nnayo sauti yakwe," alisema. "Ya siku ile ile. Wataka kuisikia?"

Aliibonyeza. Ilikuwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati kwa nguvu, na ndani ya mvua kijana alikuwa akisema, kwa kukokota: "Mama, mvua ya huku haijakata. Wewe kula, usinisubiri. Usifunge mlango tu. Nakuja."

Bi Tabia aliirudisha simu magotini. "Sijaufunga," alisema. "Mchana naurudishia tu, na usiku pia. Watu waniambia mie ntaibiwa. Kuna cha kuiba?"

Hafsa hakutaka kuuchukua ujumbe ule bila ruhusa. "Bi Tabia," alisema, "naomba ruhusa yako. Niuweke kwenye kipindi?"

"Uweke. Watu wamsikie. Mie nishamsikia peke yangu mno."

Akamtumia pale pale, Hafsa akimwonyesha pa kubonyeza. Wakati wa kuondoka alikuwa amechangamka. Alimwambia Bi Mboni mlangoni kwamba mwanawe sasa atasikika dunia nzima, na Bi Mboni akamshika mkono.

Sabiri alikaa na kipindi kile siku kadhaa. Alipokileta, alimwambia Hafsa avae hedifoni na afumbe macho. Mvua alikuwa ameitoa karibu yote. Chini ya sauti ya Shaib alikuwa amepitisha kinanda, taratibu, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Na kati ya "usifunge mlango tu" na "nakuja" palikuwa na kitu ambacho Hafsa hakukisikia siku ile chumbani: pumzi. Pumzi ya kuvutwa ndani, inatetemeka, inakatika katikati kama ya mtu anayezuia kilio. Kisha: "Nakuja."

Hafsa alivua hedifoni. "Umefanya nini hapa?"

"Sikuongeza kitu. Ilikuwepo, mvua iliifunika. Nimeiinua tu." Sabiri mwenyewe macho yalikuwa mekundu. "Yule alijua, dada. Sikiliza tena. Mtu huwa anajua."

Alisikiliza tena, akalia kilio alichokuwa akikiahirisha tangu redioni. Akajua kila atakayesikia atalia. Kipindi kilitoka Ijumaa.

Kilichofuata hakikutokea taratibu. Watu waliandika kutoka kila upande. Mabaharia waliandika, wauguzi, wanafunzi wa bweni, mwanamke mmoja wa Arusha aliyesema amempigia mamake baada ya miaka bila kusemeshana. Walioguswa walikikata kile kipande cha mwisho, pumzi na maneno yale matatu manne, wakakituma peke yake. Kikawekwa kwenye video za akina mama wamekaa milangoni, za wanajeshi wanarudi nyumbani. Baadaye kikawekwa kwenye video ya paka anayekwaruza mlango, na ya mlevi amefungiwa nje na mkewe, na ya timu iliyofungwa mabao mengi. Watu wakakifanya mlio wa simu. Hafsa aliitwa Dar es Salaam kwenye semina kuwafundisha vijana namna ya kugusa mioyo ya wasikilizaji. Alisimama mbele yao akawaeleza habari ya kuacha kusema pole, wakaandika. Kisha akawapigia pumzi ya Shaib kwenye spika kubwa za ukumbi, na ukumbi mzima ukainama. Alipotazama vile vichwa vilivyoinama alihisi, kwa mara ya kwanza tangu aache redio, kwamba anajua kazi.

Siku aliyorudi, alikuwa akinunua maji stendi, sauti ile ikatoka nyuma yake: "Usifunge mlango tu." Akageuka haraka. Ilikuwa simu ya mpiga debe inaita. Mpiga debe aliipokea, akaanza kumfokea mtu juu ya tairi.

Baada ya hapo ikawa kila mahali. Ilimkuta benki kwenye foleni. Ilimkuta saluni, akiwa amefungwa kitambaa kichwani na hawezi kugeuka, pumzi ile ikavutwa karibu kabisa na sikio lake, na msusi akacheka kitu kingine kilichokuwa kwenye video. Hafsa alianza kuijua kabla haijaanza. Alijikuta amesimama katikati ya njia, anangoja, na pengine isije. Nyumbani, akiwa peke yake kwenye lile kabati, alisikia pumzi ikivutwa nyuma ya kanga. Alizitoa kanga zote, akazikunja, akazirudisha. Hakumwambia mtu.

Bi Tabia alikuja tena siku ya Jumatatu, saa za adhuhuri. Hakuja kugomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda kile kile, na Hafsa akafunga milango ya kabati bila kujua kwa nini anaifunga.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu." Alikunja buibui magotini. "Jana nilikuwa napakua. Sahani i mkononi. Nikamsikia ukumbini: usifunge mlango tu, nakuja. Nikaenda. Sikufikiri kitu, nikaenda tu na sahani yangu. Kumbe ni bwana apita barabarani na simu yakwe. Kijana wa watu, kanisalimu vizuri. Nami nikamwitikia."

"Bi Tabia—"

"Hebu nimalize. Si hilo lilonileta." Alitoa simu mkobani, hakuifungua, aliishika tu kwa mikono miwili. "Ile sauti yangu mwenyewe, hii ya humu ndani, haina kinanda. Mie najua haina. Nikiifungua sasa nasikia kinanda. Mwanangu hakuwa na kinanda. Na ile pumzi. Mie pumzi ile sikuwa naijua, Hafsa. Nimemsikiliza mwaka mzima, nilikuwa nasikia mvua na namsikia yeye. Sasa sisikii ila pumzi. Alikuwa alia? Alikuwa aogopa, na mie nimekaa hapa napepeta mchele? Niambie wewe, ulomsikia vizuri."

Hafsa alizoea kunyamaza ili mgeni aseme zaidi. Safari hii alinyamaza kwa sababu hakuwa na jibu. Bi Tabia alingoja. Alipoona hajibiwi, aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Hafsa alikifuta kipindi siku ile ile, ikawa kama kuzuia moshi kwa mkono. Aliwaandikia watu waliokuwa wakikitumia kile kipande. Wachache walikiondoa na kuomba radhi. Wengi hawakujibu. Mmoja alimwandikia: *Si ndiye wewe uliyekiweka?* Aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko mingine. Sabiri alipoambiwa, alikasirika kama anavyokasirika mtu aliyeumia. "Mimi sikudanganya," alisema. "Niliinua kilichokuwepo. Ungetaka nikiache chini ya mvua?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Hafsa arudi kwenye ujumbe wenyewe, ule aliotumiwa na Bi Tabia, haujaguswa na mtu. Alikaa kabatini na hedifoni, akausikiliza pamoja na mvua yake. Mwanzoni hakusikia ila alichokwisha kuzoea kusikia. Aliendelea. Kesho yake akaendelea tena. Na ndipo, mbali kabisa, nyuma ya bati na maji, mahali ambapo Sabiri alikuwa amefuta, akasikia sauti nyingine. Ilikuwa ya mwanamke. Ilisema neno moja, fupi, baada ya "tu" na kabla ya ile pumzi. Hakulipata lilikuwa neno gani.

Kwa hiyo Shaib hakuwa peke yake.

Alikwenda Nguvumali kwa miguu, akamkuta Bi Tabia barazani anachambua iliki. Akamwambia. Bi Tabia alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha kuchambua.

"Mie huko sijapata kwenda," alisema. "Walinletea hapa, keshaoshwa." Akapuliza maganda. "Twende."

Asubuhi ya safari Bi Mboni aliwafungia chapati na chupa ya chai. Alimfuata Hafsa mpaka kwenye ngazi, akaupapasa mkoba wake kwa nje kama anayetafuta kitu. "Ile maiki umeiacha?" aliuliza. Hafsa alirudi ndani akaitoa mkobani, akaiweka kitandani.

Walipanda basi mpaka Muheza, na hapo wakapata gari la kupanda mlimani. Barabara ilijikunja ndani ya msitu, miti mirefu hata juu yake haionekani, na ukungu umekaa kwenye makorongo kama kitu kilichohifadhiwa. Bi Tabia alikaa dirishani. Hakuuliza ni korongo gani, na Hafsa, aliyekuwa amejitayarisha kuulizwa, aliona afadhali. Walipoteremka Amani baridi iliwapokea, wakajifunga mitandio mpaka kidevuni. Waliwauliza vijana waliokuwa wakipakia magunia: yule Mpemba aliyekuwa akija kununua iliki, alikuwa akikaa wapi mvua ikinyesha? Vijana waliangaliana. Mmoja aliivua kofia yake. Akawaonyesha kibanda cha bati kando ya njia, moshi unatoka pembeni. "Kwa Queen," alisema. "Alikuwa hapiti pale bila kula."

Queen alikuwa mwanamke wa Kishambaa, mnene, amevaa sweta ya kiume iliyopauka. Alikuwa akipika chai, maharage na magimbi. Walipomwambia wao ni nani, aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kumshika Bi Tabia mikono yote miwili na kumpa pole, na Bi Tabia akajibu kwamba ameshapoa. Simu ya Queen ilikuwa ya kitochi. Hakuwa amesikia podikasti yoyote, wala pumzi, wala hakujua kwamba kijana aliyekuwa akimkaribisha kibandani mwake alikuwa amewaliza watu nchi nzima.

"Kuna kitu twataka ukisikie," Bi Tabia alimwambia. Akafungua simu, akaiweka mezani kati ya vikombe.

Mvua ikapiga juu ya bati. Shaib akasema aliyoyasema. Queen alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika ile pumzi, mabega yake yakatikisika, akaweka mkono mdomoni. Hafsa alidhani analia kama wengine wote. Kisha akaona kwamba anacheka.

Queen mwenyewe alishtuka. "Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe sana. Sikukusudia. Ni gimbi."

"Nini?" Bi Tabia aliuliza.

"Gimbi. Alikuja hapa amelowa, meno yanagongana. Nilikuwa ndiyo kwanza natoa magimbi motoni. Nikamwambia ngoja yapoe. Hasikii yule. Akatia kipande kizima mdomoni, na hapo hapo anakumbuka kukuambia, anashika simu anasema. Basi likamuunguza. Hiyo anavuta hewa, anajipoza ulimi. Na huyo anayesema nyuma yake ni mimi. Namwambia, 'Tema.'"

Sufuria ilikuwa ikitokota. Bi Tabia alinyoosha kidole akaibonyeza simu tena, na safari hii wote watatu waliinama juu ya meza. *Usifunge mlango tu.* Tema, alisema Queen, mbali, ndani ya mvua. Kisha ile hewa, inavutwa kwa vipande vipande juu ya kitu cha moto. *Nakuja.* Baada ya kulijua, hakukuwa na njia ya kusikia kitu kingine. Hata zile sauti zake za kukokota, ambazo watu waliandika kurasa juu yake, zilikuwa za mdomo uliojaa.

"Hakutema," alisema Bi Tabia.

"Hakutema, mama. Alimeza, machozi yakamtoka, tukacheka sana."

"Hajapata kungoja chakula kikapoa. Tangu mdogo. Ulimi wakwe ulikuwa una baka, hapa." Alijigusa mdomo wake mwenyewe. Aliubonyeza ujumbe tena, na tena, simu iko sikioni sasa, na uso wake ulikuwa ukifanya mambo mawili kwa pamoja, Hafsa akashindwa kuutazama. "Alikuwa hajui," Bi Tabia alisema. "Alikuwa ala."

Adhuhuri ilipoingia, Queen alimwonyesha maji na mahali pa kuswalia nyuma ya kibanda. Alipokuwa huko, Queen alimsogelea Hafsa, akaongea akitazama moto.

"Kuna jambo sikulisema mbele yake, na sitalisema. Nilimwambia alale. Barabara nilikuwa naiona ilivyo. Kuna chumba hapo kwa mdogo wangu, angelala. Akaniambia mama yake hafungi mlango kama yeye hajarudi, na hapati usingizi mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana akaenda." Akakoroga. "Mama kaniambia kazi yako ni kuongea na watu. Nimekwambia ili nisibaki nalo peke yangu. Lakini huyo mama asilisikie."

"Hatalisikia," Hafsa alisema.

Bi Tabia alirudi, uso na mikono bado ina maji. Queen aliwafungia magimbi ya moto kwenye jani la mgomba, akawasindikiza mpaka garini.

Njia nzima ya kuteremka Hafsa alikaa akiwa na mambo mawili, moja jepesi na moja zito, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba hicho ndicho kipindi bora ambacho angeweza kukitengeneza maishani. Alikisikia chote kichwani. Alijua pa kuanzia, alijua pa kunyamaza. Walipokaribia Muheza akashindwa kujizuia, akauliza lile moja jepesi.

"Bi Tabia, nikiwaambia watu? Habari ya gimbi tu. Ili waache ile pumzi."

Bi Tabia aligeuka kutoka dirishani. "Uwaambie walilia bure?" alisema. "Waache. Kila mmoja alikuwa alilia wakwe. Hili la leo langu." Akaegemea kioo cha dirisha, simu ikiwa mkononi, akalala usingizi mzito mpaka mjini, mdomo umefunguka kidogo kama wa mtoto. Hafsa hakulala.

Kile kipande hatimaye kilichoka chenyewe. Kikaja kichekesho kingine, watu wakahamia huko, na sauti ya Shaib ikawa inasikika mara moja moja tu, kwenye simu ya mtu asiyebadilisha mambo. *Aliyekuwepo* ilirudi baada ya miezi. Haikuwa na kinanda, na Hafsa hakupiga tena sauti ya marehemu yeyote, hata alipoombwa na wenye marehemu wao. Wasikilizaji walipungua. Sabiri alirudi kwenye harusi zake. Wakikutana wanasalimiana vizuri, na yeye bado anaamini kijana yule alijua, na Hafsa hajamwambia vinginevyo. Kwa Bi Tabia huenda kila anapopita Nguvumali. Wanachambua iliki, wanaongea bei za karafuu huko Wete na mambo ya watu. Kuna nyakati Bi Tabia hunyamaza na kumtazama, na hapo Hafsa huhisi maneno ya Queen yamemjaa mdomoni, naye huinamia ungo.

Mwaka huu alikwenda harusi moja Chumbageni. Alikaa mkekani na wanawake asiowajua, na msichana aliyekuwa pembeni yake, alipomsikia akiomba maji, alimgeukia akamtazama kwa muda.

"Wewe ndiye wa podikasti," alisema. "Nilikuwa nataka kukuona. Kaka yangu alifariki majini, hatukumpata. Hatujui alikufaje, hatujui chochote. Nilikuwa naisikiliza ile sauti ya yule kijana kila siku. Ile pumzi yake. Nikawa najiambia, na kaka yangu naye aliogopa hivyo, halafu akasema nakuja, basi. Haikuwa mbaya zaidi ya hapo. Ilinisaidia kulala." Alitabasamu kidogo, kama aliyeona haya. "Dada, yule alijua, eti?"

Ngoma zilikuwa zimeanza chumba cha pili. Hafsa alisogea akampa nafasi zaidi kwenye mkeka, akamsogezea na sinia la pilau lililokuwa limeletwa, na msichana akaendelea kumsimulia kaka yake, mambo yake madogo madogo, bila kuulizwa. Hafsa alimsikiliza mpaka bibi harusi akatolewa nje, na hakumwambia kitu.